Sikupigwa Mshale, na Bora Ningepigwa

Jamani, tuelewane mapema kabla mchango wa hospitali mnaonichangia humu kundini haujaendelea: hakuna mshale ulioingia popote mwilini mwangu. Picha iliyozagaa ni ya kweli. Aliyelala kifudifudi ni mimi, na hilo duara la rangirangi liko palepale mnapoliona. Ila maneno yaliyoandikwa chini yake, kwamba nimechomwa mshale, ni ya mtani wangu wa Iringa, na Mhehe akimkuta Mgogo amelala chini haulizi kulikoni, anatoa simu kwanza.

Mnajua Jumamosi huwa najitolea kwa wale watoto wanaojifunza kurusha mishale kwa upinde huku Miyuji, Dodoma. Kazi yangu haina ushujaa wowote: napanga viti, nabandika shabaha, yaani karatasi za duara za kulengea, napuliza filimbi. Filimbi ndiyo cheo chenyewe. Ikilia mbili, watoto wanasogea mstarini. Moja, wanarusha. Tatu, wanakwenda kuchomoa mishale yao. Tano na kuendelea, mfululizo, ni hatari: hakuna kurusha, kila mtu anaweka alichoshika, na mwenye boksi la huduma ya kwanza anakimbilia kwa majeruhi. Hiyo ya tano ishikeni, tutaihitaji.

Sasa upepo. Ndugu zangu wa Dar, nyie mna kaupepo ka baharini. Upepo wa Dodoma mwezi wa saba unakuja na vumbi lake, mifuko yake na kofia ya mtu wa mtaa wa pili. Karatasi za shabaha ukizibana kwa pini, upepo unazing'oa na pini zake. Ndiyo maana nilipika gundi ya unga wa ngano, ikavutika kama mlenda. Karatasi za sentimita 80, za wale wadogo wanaorushia mita 10, zilishika kwenye maboksi vizuri kabisa. Ikabaki moja ya sentimita 40, ya wakubwa wanaojidai. Nikaipaka gundi, nikaikandamiza na jiwe, nikaenda kukaza kamba za stendi. Kurudi, jiwe lipo, karatasi haipo. Nikajua imeshafika Nzuguni.

Kumbe haikwenda mbali.

Wakatangaza mgeni rasmi anaingia. Nikakimbilia kiti changu cha plastiki, upande wa watoto, nikakaa bila kuangalia. Nani anaangalia kiti chake mwenyewe? Nikasikia kaubaridi. Nikasema hawa watoto wamemwaga maji tena. Hotuba ikaanza. Ilikuwa ndefu, ina salamu za viongozi wote kuanzia mtaa hadi taifa, na kati ya joto la kiti na joto la mwenye kiti, gundi ikapata muda wa kutosha kufanya kazi yake.

Halafu mshereheshaji akasema, sasa mtu wetu wa filimbi atatuonesha usalama unavyozingatiwa.

Hapa naomba twende taratibu, maana mimi mwenyewe hata usiku huu narudia hatua kwa hatua.

Nasimama. Napiga hatua kuelekea kwenye turubai la wageni. Mgeni rasmi yuko mbele yangu, wazazi wako mbele yangu, watoto wote wako nyuma yangu. Nasikia kicheko kimoja kidogo, cha puani. Nadhani ni mafua. Naeleza kwa sauti ya kiserikali: mshale hauchomolewi hovyo, unasimama pembeni, mkono mmoja unakandamiza shabaha, mwingine unavuta, na lazima kwanza utazame nyuma, kwa sababu mkia wa mshale unaweza kumtoboa mwenzako jicho. Nasisitiza, tena nimenyoosha kidole: "Tazama nyuma yako!"

Watoto nyuma yangu wakaitikia kwa pamoja: "Tunatazama!"

Nikaweka filimbi mdomoni. Nikainama kuokota mshale.

Ile suruali ni ya kitambaa, ya kanisani. Nilipoinama ilikaza. Na ilipokaza, karatasi nayo ikanyooka vizuri, nyeupe, nyeusi, bluu, nyekundu, na katikati, jamani, katikati kabisa, njano, penye pointi kumi. Fundi mwenye futi asingeipata katikati vile. Kimya. Halafu dogo mmoja akauliza kwa adabu zote: "Kocha, hiyo nayo ina pointi?"

Mwenzake akamsahihisha: "Acha, hiyo ya 40. Siyo ya sisi wadogo."

Nikapeleka mkono nyuma. Nikagusa karatasi. Nikashtuka, na pumzi yote ikapitia kwenye filimbi: prii, prii, prii, prii, prii, prii!

Na hapo ndipo mafunzo yangu yaliponigeuka. Watoto wote wakalaza pinde chini kama askari. Mama wetu wa huduma ya kwanza, muuguzi mstaafu, mwili umejaa, akatoka mbio na boksi. Alichokiona ni mwanaume ameshika makalio, mshale mkononi, shabaha nyuma. Ungekuwa wewe ungewaza nini? Akasema, "Lala!" Nikamjibu sijaumia, ila filimbi bado ilikuwa mdomoni, ikatoka priiii. Kila nikijieleza, dharura inaongezeka. Akanilaza kifudifudi kwenye vumbi, mshale umesimama kando ya kiuno changu, mkono bado umeung'ang'ania. Mtani wangu akapiga picha kwa pembe ambayo mkono hauonekani.

Mzee mmoja Msandawe, kwao Kwa Mtoro, aliyekuja kumwangalia mjukuu wake, alinikagua pale chini, akatikisa kichwa: "Sisi kwetu mawindo hatuyapaki rangi."

Mengine ni mafupi. Mgeni rasmi alipiga makofi akijua lilikuwa zoezi la dharura, akawasifu watoto, na hakuna aliyemsahihisha. Karatasi ilitoka kwa maji ya moto, suruali haikupona, bodaboda wa kijiweni sasa ananiita "Kumi Bora".

Tatizo langu la sasa ni mama mkwe. Picha imefika Kondoa kabla sijafika nyumbani. Kapiga simu analia: "Pole baba, wamekuchoma wapi?" Jamani, mama mkwe wako anakuuliza sehemu ile, unaitaja vipi? Nikasema, "Huku nyuma, mama." Akazidi kulia. Nikasema siyo sana. Akasema wanaume ndivyo mlivyo, mnaficha maumivu. Anakuja kesho na basi la asubuhi, na jogoo wa kunichinjia supu.

Kwa hiyo mweka hazina wa kundi, rudisha pesa za watu, sina bili ya hospitali yoyote. Ila kwa Kondoa naomba mtu asipige simu kwanza. Acheni jogoo afike.