Mwambieni Aruke Kwanza

Mtoto mwenye ADHD (hali ya kushindwa kutulia na kumakinika) au usonji akipelekwa kliniki ya afya ya akili, huulizwa habari za hasira, usingizi, masomo na marafiki. Ni nadra kuambiwa: hebu ruka kwa mguu mmoja tuone. Kwangu hilo ni pengo kubwa.

Shida ya kuratibu mwendo, ile inayomfanya mtoto aandike kwa tabu, ahangaike na vifungo vya shati na kujikwaa hata pasipo na kitu, huwapata takriban watoto 5 hadi 6 kati ya 100 wa umri wa shule ya msingi. Miongoni mwa wenye ADHD, karibu nusu wanayo. Sasa fikiria maisha ya mtoto huyo uwanjani. Kwenye rede hutolewa wa kwanza, kwenye mpira huchaguliwa wa mwisho, na wenzake wanamcheka. Akigoma kucheza, faili linaandikwa "anajitenga". Hivi nani hangejitenga?

Mjerumani Ernst Kiphard aliliona hili mapema. Alikuwa mwalimu wa michezo, na kuanzia 1955 alifanya kazi na watoto wenye matatizo ya akili na tabia katika kituo cha Gütersloh. Aliwapandisha kwenye trampolini, turubai la kurukia linalodunda, akawaachia nafasi ya kubuni na kucheka. Mwaka 1974 yeye na mwenzake Schilling walichapisha kipimo cha uratibu wa mwili ambacho bado kinatumika: mtoto hutembea kinyumenyume juu ya mbao nyembamba, ya mwisho ina upana wa sentimita 3 tu, na huruka upande huu na huu kwa sekunde 15. Mbao hizo fundi seremala yeyote wa mtaani anaziunda.

Kuchezacheza tu, hata hivyo, hakutoshi. Tafiti za karibuni zinaelekeza kwenye kufanyia mazoezi jambo lenyewe linalomshinda mtoto. Kama ni baiskeli, afundishwe baiskeli, hatua kwa hatua, naye ashiriki kufikiri kwa nini anaanguka. Kumfanya aruke kamba mwezi mzima ukitarajia mwandiko utanyooka ni kumchosha bure.

Wataalamu wa tiba kwa vitendo, wanaomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku kama kuvaa na kuandika, ndio wenye kazi hii. Kwa Tanzania husomea hospitali ya KCMC, Moshi. Pale wasipopatikana, kliniki imwite hata mwalimu wa michezo wa shule ya mtoto. Daktari humwona mtoto ameketi kitini. Mwalimu huyu humwona akikimbia.