Mshenga Katafuna Ua

Chumba changu pale Kirumba, Mwanza, kina dirisha moja, na lenyewe linatazama soko la samaki la Mwaloni. Asubuhi hakuna neno. Ikifika mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na hauji peke yake. Unakuja na harufu ya dagaa wote waliolala kwenye magunia wakisubiri malori. Kwa hiyo dirisha langu ni la kutazamia tu. Kufungua, hapana.

Sasa nilikuwa natafuta kuoa. Nikapaka chumba rangi ya mafuta, nikanunua kabati jipya la mbao zile za kugandishwa kwa gundi, nikabana dirisha vizuri. Ukiingia humo machozi yanakutoka hata kabla hujakumbuka deni.

"Mjomba, hii hewa itakuua kabla ya ndoa," akasema mpwa wangu Kabula, anayesomea uuguzi.

Siku hiyohiyo nikapita kwa kijana anayeuza miche kando ya barabara. Huyo kijana angeweza kumuuzia samaki maji. Akaniambia maua ya ndani yanakula sumu ya hewani, tena Wamarekani wa NASA, wale wa mambo ya anga, walishapima tangu mwaka 1989, sumu ya rangi na gundi ikatoweka. Nikachukua ile mikonge midogo yenye mistari, ikiwa imepandwa kwenye visado vya rangi. Nilipolipa bila kubishana sana, akanipa na nyongeza: ua nene lenye majani mapana ya kijani yenye madoa meupe, shina lake limesimama kama kidole gumba. Nyongeza haikataliwi.

Jioni akaingia Baba Mkubwa kutoka Sengerema, kavuka na feri ya Kamanga, koti begani. Ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Kwenye ukoo wetu Baba Mkubwa hajawahi kushindwa mahari. Inasemekana kuna mzee mmoja alianza naye kwenye ng'ombe kumi na nane, hadi jua linazama yule mzee ndiye anayeomba radhi na kumsindikiza na mbuzi. Mdomo ule ulikuwa mali ya familia.

Alfajiri nikayatoa maua barazani yapate jua. Nikaingia ndani kupiga pasi suruali.

Baba Mkubwa hatumii mswaki wa dukani. Kwake kila asubuhi hukata kijiti, akakitafuna ncha, akasugua meno huku akikagua ng'ombe. Pale kwangu hapakuwa na ng'ombe wala mti, kulikuwa na ua la nyongeza. Nilisikia "kwacha", nikajua amepata kijiti. Nikasikia anasema, "Miti ya mjini laini kweli." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho mpaka usiku.

Nilipotoka, amesimama katikati ya uwanja, macho yamemtoka, mate yanamchuruzika hadi kwenye ndevu. Midomo inavimba huku naiangalia. Nikasema, "Baba Mkubwa, shikamoo." Akanijibu kwa sauti ambayo nimewahi kuisikia kwa ndama tu.

Bahati Kabula alikuwepo. Akamsukutua kwa maji tele, akamzuia kumeza, akaokota kile kijiti akakitazama. "Babu katafuna difenbakia!" Tukakimbilia zahanati na kijiti chetu mkononi. Wakamwangalia koo, wakamsikiliza pumzi, wakampa dawa, wakamkalisha pale mpaka waridhike kwamba uvimbe haushuki kooni. Tukaambiwa mmea ule una fuwele ndogondogo za kalisi oksaleti, zenye ncha, zinachoma ulimi na koo mtu akitafuna. Anywe vitu vya baridi, na akianza kuhema kwa shida arudishwe mbio. Kuongea? Asahau mpaka uvimbe upungue.

Na Misungwi wakwe walikuwa wametandika mikeka wanatusubiri. Nikataka kupiga simu tuahirishe. Baba Mkubwa akaninyang'anya simu, akavaa koti, akaingia kwenye gari.

Njiani Kabula akatoa simu yake, akawa anasoma kwa sauti. Kumbe kipimo cha NASA kilikuwa cha kweli, ila mimea ile iliwekwa kwenye chemba ndogo zilizofungwa kabisa, hewa haiingii wala haitoki. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, Cummings na Waring, wakapitia majaribio ya namna hiyo na kupiga hesabu ya nyumba za kawaida. Ili maua yafanye kazi inayofanywa na hewa inayopita tu ndani ya jengo, inatakiwa mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba.

"Chumba cha Mjomba ni kama mita kumi na mbili," akasema Kabula. "Kwa hiyo ni mimea mia moja na ishirini, mpaka elfu kumi na mbili. Bibi harusi atakaa wapi?"

Baba Mkubwa alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akashusha kioo cha gari mpaka chini, akanionyesha kwa kidole: upepo huo, wa bure.

Tukafika. Wazee wakatusalimu, "Mwadila!" Mshenga kimya, leso mdomoni. Hapohapo faini ya kutojibu salamu, nikalipa.

Wakaanza na ng'ombe ishirini. Baba Mkubwa hakusema kitu, chozi likamtoka tu. Wazee wakatazamana. Kumi na saba. Akafumba macho akaguna. Mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyu mgumu, hata kujibu hataki." Kumi na tano. Leso ikabanwa zaidi. Kumi na tatu! Maisha yangu yote sijaona mahari ikiteremka namna ile bila mtu kubishana. Kabula alikuwa anajifinya asicheke.

Hapo mama mmoja mkarimu akaleta kibuyu cha maziwa mgando, ya baridi. Baba Mkubwa akapokea kwa mikono miwili. Yalipogusa ulimi, uso ukalegea, macho yakafumba, na kichwa kikaanza kutikisika taratibu, juu, chini, juu, chini.

"Amekubali!" Vigelegele vikapigwa, wazee wakapeana mikono, kumi na tatu zikaandikwa kwenye daftari.

Tulipokuwa tunapita Usagara usiku, ulimi ukamrudia kidogo. Akanigusa bega.

"Ng'wana wane, mwanangu," akasema kwa shida, "tulikuwa tunaelekea saba."