Mzee wa stoo alisema "yamekauka juu juu", sistimu ikataka namba

Msimu fulani nilikuwa manunuzi kwenye kiwanda cha unga, jina naliacha, tukapokea fuso la mahindi kutoka nyanda za juu kusini. Mzee wetu wa stoo, mtu aliyezeekea kwenye nafaka, akachukua punje za juu akang'ata, akazamisha mkono katikati ya gunia akatoa zingine akang'ata tena, akasema haya yamekauka juu juu tu, msiyapange mengi pamoja. Kijana wa kompyuta akamuuliza, sasa mzee niandike ngapi? Maana sistimu yetu mpya ilikuwa na kiboksi kimoja tu cha unyevu, asilimia ngapi, neno hakikubali, na kipima unyevu siku hiyo betri imekufa. Mzee akajibu weka utakavyo mwanangu. Kijana akaweka 13.

Kiwango cha juu cha unyevu wa mahindi kwa Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, kwa hiyo 13 ikapita bila shida, rangi ya kijani kabisa. Na ile sistimu ndo ilikuwa inapanga mzigo upi usagwe kwanza, upi usubiri, yaani akili mnemba tuliyouziwa kwa mbwembwe nyingi. Ikaona huu una 13, unaweza kukaa, ikausukuma nyuma. Wiki kadhaa baadaye unaweka mkono kwenye lile rundo unasikia joto, ukungu umeshaanza, na ukishaona ukungu kwenye mahindi unawaza sumukuvu, ambayo hata upike ugali mpaka uungue haiondoki.

Kwenye kikao kila mtu akasema "data mbovu". Mi nikabisha na bado nabisha. Data ilikuwepo, tena nzuri, ilitoka mdomoni mwa mtu aliyeng'ata punje. Tuliiua sisi wenyewe pale kwenye kiboksi. "Yamekauka juu juu" ni maneno yasiyo na kipimo lakini ni ya kweli, 13 ina kipimo lakini ni uongo, na mashine ikaambiwa iamini uongo kwa sababu tu umevaa namba.

Na usidhani ni unyevu tu. Rekodi zetu za nyuma, ambazo ndizo sistimu ilifundishiwa, zimejaa "gunia 200", "gunia 350". Gunia lipi? Kuna la debe sita na kuna lumbesa lenye kilemba limeshonewa kamba juu, na aliyeyapokea anajua mwaka gani na soko gani walikuwa wanajaza lumbesa, ila hajawahi kuulizwa, basi mashine imejifunza kwamba gunia ni gunia.

Kinachoniuma ni kwamba hili jambo lilishafikiriwa zamani, na mmoja wa waliolifanyia kazi kazaliwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh wa chuo cha Berkeley, Marekani, alitoa hesabu za vitu visivyo na mpaka mkali, kwamba kitu kinaweza kuwa "kikavu" kwa kiasi fulani, sio lazima ndiyo au hapana. Maana kweli jamani, mahindi ya 13.4 ni salama alafu ya 13.6 ni hatari, kuna nini hapo katikati? Miaka ya 70 Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania aliyekuwa anafundisha Queen Mary College, London, yeye na mwanafunzi wake Assilian wakaendesha injini ndogo ya mvuke kwa kanuni za maneno matupu, mfano presha ikiwa chini sana na haipandi, ongeza moto sana. "Sana", "kidogo", "wastani", vile vile anavyosema fundi, na mashine ikaenda. Baadaye mbinu hiyo ikaingia kwenye matanuru ya saruji Denmark, na mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za Sendai, Japani, zikaanza kuendeshwa kwa mantiki ya aina hiyo. Yaani neno "kidogo" linafunga breki za treni, alafu sisi stoo ya mahindi inatushinda.

Siku hizi ndo hakuna kisingizio kabisa, hizi programu zinasoma Kiswahili cha mtaani. Mpe mzee aseme anavyosema, kisha muulize kwa chini kabisa ni ngapi na kwa juu kabisa ni ngapi, na ana uhakika kiasi gani, hifadhi yote. Kipima kikipona linganisha. Akitofautiana na mashine mzigo usiende popote mpaka meneja asome sababu za pande zote mbili. Basi.

Sisemi mzee ni malaika. Kuna dereva mmoja alikuwa hapatani naye, na mizigo ya yule dereva ilikuwa "mibichi" kila siku, hata ya kiangazi kikali. Mashine ingeliona hilo ndani ya mwezi mmoja, kama ilivyokuwa inaona bei za misimu mitatu na siku ambazo kila mzigo umelala stoo, vitu ambavyo kichwa cha mtu hakibebi. Ndo maana nataka wote wawili, ila kila mmoja na rekodi yake wazi, na asiwepo wa kumtafsiria mzee kwa kubuni namba.

Kabla sijaondoka pale nilikaa naye kwenye benchi na daftari, nikamuuliza "juu juu" ni ngapi kwa ngapi. Akafikiri muda, akasema andika 14 mpaka 16, ila kama mvua imewanyeshea njiani ongeza kidogo, na kama turubai lilikuwa jipya punguza. Nikampelekea kijana wa kompyuta, akaongeza viboksi viwili, cha chini na cha juu. Ile "ila" ya mzee akaniuliza, hii naiweka wapi?