Muuguzi mbobezi kwenye kliniki ya daktari wa familia

Mgonjwa wa presha anasema dawa anameza, lakini kipimo kinaonyesha presha haijashuka. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni ataongeza dozi. Muuguzi aliyepewa nafasi ya kukaa naye atauliza anameza zipi na saa ngapi, ndipo itajulikana kwamba kile kidonge kinachomkojoza anakiacha kila akiwa na safari. Kumbe cha kubadilisha ni saa ya kumeza, si dozi.

Kwa sababu hiyo naunga mkono wauguzi wabobezi kuingia kwenye kliniki za madaktari wa familia. Hawa wamesoma zaidi, mara nyingi hadi shahada ya uzamili. Wanachunguza, wanatambua ugonjwa na, sheria ikiruhusu, wanaandika dawa. Mafunzo yao yalianza Marekani mwaka 1965, Loretta Ford na Henry Silver walipoyaanzisha Chuo Kikuu cha Colorado. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyojumlisha majaribio 18, yalikuta kwamba muuguzi anaposhika nafasi ya daktari katika huduma za msingi, matokeo pengine ni yale yale au mazuri zaidi, na wagonjwa huridhika zaidi. Lakini pia wauguzi hutumia muda mrefu zaidi kwa kila mgonjwa. Mwajiri anayemtaka muuguzi kwa sababu mshahara wake ni mdogo, kisha akampangia foleni ya daktari, anaua kile kile kinachomfanya afae: muda wa kukaa na mgonjwa.

Madaktari wanaopinga wanasema kichwa kinachouma kwa uchovu na kinachouma kwa damu kuvuja kwenye ubongo huingia kwa mlango mmoja, na miaka yao mingi ya masomo ni kwa ajili ya huyo wa pili. Ni kweli. Ndiyo maana muuguzi lazima aweze kumwita daktari wakati wowote bila kuogopa kufokewa, na daktari asitie saini dawa za mgonjwa ambaye hajamwona, maana kosa likitokea kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole.

Linaloniumiza kichwa zaidi halisemwi sana. Muuguzi akichukua vikohozi vyote na kisukari kilichotulia, daktari atabaki na walio hoi, na atamwona mgonjwa kwa mara ya kwanza siku mbaya kuliko zote, bila kujua uso wake ukiwa mzima ulikuwaje. Kwa wenye maradhi ya kudumu, ningetaka wawili hao wapokezane miadi, hata pale ambapo muuguzi peke yake angetosha.