Waja leo na nenosiri la chuo

Siku ya mahafali, saa nne asubuhi, mzee mmoja kutoka Handeni alinishika mkono nje ya ukumbi, akaninyooshea simu. "Mwanangu, hebu nisomee. Inanidai nini hii?" Nikamwamkia, nikaitazama. Ulikuwa ukurasa wa kuingilia waifai ya wageni: jina kamili, namba ya simu, sababu ya ugeni, kisha tarakimu sita zinazotumwa kwa meseji. Mzee alikwisha kujaza vyote. Meseji ndiyo haikuja, wala isingekuja, maana laini yake ilikuwa ndani ya kitochi alichokiacha kwenye chaji kwa mwenyeji wake, Ngamiani. Simu aliyoishika ni ya mjukuu, haina laini. Alichotaka ni kitu kimoja tu: shangazi mtu aliyeko Muscat amwone binti akiwa ndani ya joho.

Nilimwingiza kwa nenosiri la wafanyakazi. Kwa kanuni za chuo lilikuwa kosa, na kanuni hizo nilikuwa mmoja wa waliokaa kuziandika.

Watu wa Tanga wana lao kuhusu wageni. Waja leo waondoka leo, husema, nusu utani, nusu onyo. Nimeondoka kwenye kazi ile ya TEHAMA, na chuo chenyewe sikitaji, lakini swali la mja leo na waifai naliona likirudi kila chuo kinapopata fedha za kuboresha mtandao. Na siku hizi fedha zipo. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021, umepeleka majengo na vifaa katika vyuo vikuu vya umma nchini, na mkoa wetu umeambulia kampasi ya Mzumbe kule Mkinga. Anayejenga upya ana bahati: anapitisha nyaya kabla ya plasta. Wengine wote wanatia viraka.

Katika vikao vya viraka hivyo huwa kuna maswali mawili. La kwanza, tununue vifaa gani? Hilo hula saa tatu na chai mbili. La pili, mgeni aingieje? Hilo huandikwa mstari mmoja mwishoni mwa andiko: "huduma kwa wageni itazingatiwa." Mimi naona mpangilio huo umegeuzwa kichwa chini, lakini kwanza tuwasikilize wa vifaa, maana wana hoja.

Wanaotaka vyote vibadilishwe kwa mpigo husema fedha ya mradi ina tarehe ya mwisho. Usipoitumia inarudi ilikotoka. Wanasema pia, na ni kweli, kwamba vile visahani vyeupe vya darini vinavyorusha waifai, vilivyonunuliwa enzi za kiwango cha waifai cha 2009, vimechoka. Vingi vinatumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, na humo, ingawa idhaa zinaonekana zaidi ya kumi, zisizogongana ni tatu: ya 1, ya 6 na ya 11. Weka visahani kumi kwenye bweni moja, ongeza simu za wanafunzi zinazogawiana bando, na kinachobaki ni kelele za mnadani. Vifaa vipya vina gigahezi 5, yenye idhaa nyingi zaidi. Wi-Fi 6, kiwango kilichopitishwa 2021, imetengenezwa kwa ajili ya halaiki. Ya zamani ilikuwa bodaboda, abiria mmoja kwa safari. Hii ni daladala, inapakia kadhaa kwa mkupuo mmoja. Halafu kuna usalama: kifaa ambacho kiwanda kimeacha kukiletea marekebisho ni mlango usio na kitasa, hata ukibandika karatasi ya kanuni juu yake.

Upande wa pili alikuwa fundi wetu wa nyaya, mtu wa maneno machache. Yeye hakupinga Wi-Fi 6. Aliuliza tu, "Umeme wake utatoka wapi?"

Swali hilo linahitaji maelezo. Visahani hivi havichomekwi ukutani. Vinakula umeme kupitia waya uleule unaoleta intaneti, kutoka kwenye swichi, lile sanduku la matundu linalogawa nyaya za mtandao. Swichi za zamani hutoa wati 15.4 kwa tundu. Visahani vipya vingi vinataka karibu mara mbili, wati 30. Tulijaribu kimoja kwenye swichi ya zamani: kikawaka, wanafunzi walipoanza kujiunga kikazima, kikawaka tena. Kutwa nzima kilikuwa kama kimulimuli. Kwa hiyo bei ya kisahani si bei ya kisahani. Ni kisahani, na swichi, na mara nyingi waya mpya, maana huku baharini chumvi haina simile. Mwezi wa saba, kusi inapovuma, ukifungua boksi la nje upande wa bahari unakuta vijino vya shaba kwenye ncha ya waya vimeota ukungu wa kijani. Waya wa namna hiyo unapitisha taarifa kwa kusuasua na umeme ndiyo kabisa. Betri za akiba nazo sizisemi; TANESCO akikata dakika tano, ruta inachukua nyingine tano kuamka, na mhadhiri aliyekuwa katikati ya mtihani wa mtandaoni ndiye anayepigiwa kelele.

Kisha kuna kuta. Jengo letu la utawala ni la zamani, la mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wake mnene kuliko urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Gigahezi 5 ina mbio lakini haina pumzi. Kwenye ukuta kama ule inafia njiani pale ambapo 2.4 ilipenya kwa kukwangua. Ukiondoa kisahani cha zamani ukafunga kipya kwenye skrubu zilezile, ofisi iliyokuwa na intaneti ya kinyonga inabaki haina kitu. Zabuni nyingi huandikwa hivyohivyo: "vifaa 60, kubadilisha vilivyopo." Nani alisema vya mwanzo vilikaa mahali pake?

Na hata ukivipanga vizuri, kuna njia ya kutokea nje. Chukua mfano: chuo kinalipia megabiti 200 kwa sekunde, na saa tano asubuhi vifaa 800 vinavuta pamoja. Kila kimoja kinapata robo ya megabiti. Kisahani cha milioni kadhaa hakiongezi tone. Umefunga bomba pana kwenye tangi lilelile.

Hapo mimi niko na fundi, isipokuwa kwenye kumbi za mihadhara na maktaba. Huko watu mia tatu wanakaa chumba kimoja, na tatizo ni msongamano wa hewani hasa. Vifaa vipya vinaleta tofauti siku hiyohiyo. Kwingineko waya na swichi kwanza. Na upimaji ufanyike wanafunzi wakiwapo. Miili ya watu imejaa maji na inanyonya mawimbi. Anayepima ukumbi mtupu wakati wa likizo anapata majibu mazuri ya ukumbi mtupu.

Sasa mgeni.

Wanaotaka mlango ufungwe wana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 mkononi. Mtu akitukana au akitapeli kupitia mtandao wa chuo, polisi wanakuja na anwani moja tu ya intaneti, na nyuma ya anwani hiyo kuna simu zote za kampasi. Usipokuwa na kumbukumbu ya nani alikuwa nani, chuo kinabaki kujieleza. Wana hoja ya fedha vilevile: megabiti za chuo zinalipiwa kwa ada na ruzuku, kwa nini kijana wa mtaa wa pili aje ashushe filamu nyuma ya ukuta wa maktaba? Hizi si hoja za roho mbaya. Nimewahi kumwona aliyebaki kujibu barua za namna hiyo, na sitaki kuwa yeye.

Wanaotaka mlango uwe wazi wanauliza fomu inamkamata nani. Mwenye nia mbaya anaandika "Juma Juma" na namba ya laini aliyookota. Anayebanwa ni mzee wa Handeni. Tena namba hizo unazokusanya zinakwenda wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka uchukue taarifa zinazohitajika kwa kazi husika, si zaidi, na uzilinde. Fomu yetu iliuliza "sababu ya ugeni." Sikuwahi kumwona mtu akizisoma sababu hizo. (Kitabu cha getini ni kisa kingine: kila mgeni anasoma jina na namba ya aliyemtangulia kwa wino wa bluu, na hakuna aliyewahi kukiitia kikao.)

Wapo wanaodhani dawa ni kusajili kifaa badala ya mtu, kwa ile anwani kinayotoka nayo kiwandani. Hiyo imepitwa. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hujibandika anwani ya bandia kwa kila mtandao inaojiunga nao. Mtumiaji akisahau mtandao akajiunga upya, au simu ikiamua kujibadilisha, umemsajili mzimu.

Na hapa niseme kilichotuangusha siku ile ya mahafali, maana wakubwa walidhani ni kasi ndogo na wakaomba fedha za visahani zaidi. Haikuwa kasi. Mtandao wa wageni ulikuwa umetengewa anwani za ndani 254, moja kwa kila simu inayojiunga, na tuliacha kila simu iishike yake kwa siku nzima. Saa mbili asubuhi wazazi walikwisha kujaa uwanjani, simu zikijiunga zenyewe mifukoni, na kila anayefungua ukurasa wa fomu anachukua anwani hata asipoimaliza fomu. Kufika saa nne na nusu zimekwisha. Waliokuja baadaye waliona alama ya waifai imejaa na hakuna kinachofunguka. Kutoa anwani 2,046 na kuziachia kila baada ya saa moja hakugharimu senti. Ni kazi ya dakika kumi kwenye seva. Ila ilihitaji mtu kukaa mapema na kujiuliza siku kubwa ya wageni inafananaje.

Ndiyo maana nasema swali la mgeni lianze. Ukijua ni wageni wa aina gani na wangapi, unajua visahani vikae wapi, anwani ziwe ngapi, megabiti zigawanywe vipi. Na wageni si kundi moja.

Mtahini wa nje kutoka Makerere au mtafiti kutoka Nairobi hahitaji fomu yoyote kama chuo kimejiunga na eduroam, utaratibu ulioanzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Simu yake ikifika, seva ya chuo mwenyeji inatazama kilichoandikwa baada ya alama ya @ kwenye jina lake, inapeleka ombi kwa chuo chake, na chuo chake kinajibu ndiyo au hapana. Mwenyeji halioni nenosiri. Kenya wanaitoa kupitia KENET, Uganda kupitia RENU. Kwetu mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti ni TERNET. Kwa swali la polisi pia ni jibu zuri, maana kila aliyeingia ana chuo kinachomjua. Udhaifu wake ni kuitunza: seva ikilala, wageni wanalala nayo, na wanafunzi wako nao wakisafiri wanalala huko waliko.

Mfanyabiashara wa vifaa, mtoa mada, mzazi aliyeitwa ofisini: hao wana mwenyeji ndani ya chuo. Mwenyeji ampe vocha ya siku moja, kwa jina la mwenyeji. Chuo hakihitaji namba ya mgeni. Kinahitaji kujua nani alimkaribisha. Baadhi ya wahadhiri watalalamika kwamba wanabebeshwa mzigo, na kweli wanabebeshwa. Nyumbani kwao pia mgeni akivunja kikombe haulizwi jirani.

Siku ya mahafali sasa. Hapo mimi ningefungua kabisa: hakuna fomu, hakuna meseji, mtandao uliotenganishwa na mifumo ya matokeo na fedha, wenye anwani yake ya kutokea nje, kila simu na kiwango chake kidogo kinachotosha kupiga video moja, na unazimwa saa kumi na mbili jioni. Bila shaka kuna hatari. Kwa saa kumi hutajua nani alikuwa nani, na likitokea la kutokea siku hiyo, hutakuwa na jina la kumpa afande. Naikubali hatari hiyo kwa siku moja ya mwaka. Nisingeikubali kwa siku 365, na hapo ndipo ninapoachana na wenzangu wa mlango wazi, ingawa nawaonea huruma vijana wa kidato cha sita wanaokaa nje ya geti wakijaza maombi ya mkopo kwa bando la kuungaunga. Kwao ningeweka kompyuta nne kwenye chumba cha mbele cha maktaba. Si waifai wanayohitaji, ni meza na mtu wa kuuliza.

Kilicho hatari kuliko vyote hakimo kwenye mjadala wa pande hizi mbili, nacho ni nenosiri moja la wafanyakazi linalojulikana na watu wote. Mlango wa mgeni ukiwa mgumu, watu hupitia wa jikoni. Mimi mwenyewe nilimpitisha mzee wa watu huko. Mama wa kantini alikuwa nalo, limeandikwa kwa chaki nyuma ya ubao wa bei za chapati. Kijana wa stationari ya ng'ambo ya barabara alikuwa nalo.

Mwezi uliopita nilipita pale kwa bodaboda nikielekea Raskazone. Kabla hatujalifikia geti, simu ilitetemeka mfukoni: imeunganishwa.