Mbona hakuna wa kutufundisha vugo?

Kwenye mlango wa duka la samaki na chipsi hapa Ullapool, mji mdogo wa Uskochi, kumebandikwa karatasi ya manjano tangu Oktoba. Ni ratiba ya msimu mzima wa baridi: Jumamosi hii dansi, ile ijayo usiku wa hadithi, nyingine nyimbo za Kigaeli, lugha ya zamani ya huku, kisha dansi tena, mpaka Machi. Tarehe, saa, kiingilio, na nani analeta keki. Nikaipiga picha nikaitupa kwenye grupu ya ukoo na maneno mawili tu: "Tazameni watu." Ningejua ningenyamaza. Khali (mjomba) wangu mmoja akajibu kwa sauti, ujumbe mrefu kama khutba, kwamba wazungu hawana utamaduni, wanarukaruka tu, na kwamba mimi mwana wa Amu (Lamu), mjukuu wa wapiga vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini inayogongwa kwa kijiti na pembe, sifai kubabaishwa na karatasi ya mlangoni.

Khali, kwa heshima yako: nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo, nimekwenda nayo kazini kwa wazee ninaowahudumia, na bado yananikera. Kwa hivyo najibu, na najibu hadharani, maana wenye fikira kama yako ni wengi.

Kwanza nieleze kinachofanyika ukumbini. Hiyo dansi yao huandikwa ceilidh na husomwa keli. Viti husogezwa ukutani. Jukwaani pana akodiani (ndiyo, hiyo hiyo ya taarabu za zamani), fidla, ngoma, na mtu mmoja mwenye maikrofoni ambaye hapigi chochote. Kazi yake ni kufundisha. Kabla ya kila dansi anawapanga watu, anataja hatua, kisha anawatembeza mara moja bila muziki: kulia, kushoto, zunguka, rudi. Anayekosea anarudishwa taratibu. Ndipo akodiani inaanza. Na wanaotembezwa si wageni tu. Wenyeji waliocheza tangu utotoni nao husimama safuni wakasikiliza, na sijaona anayenuna.

Ipo dansi inaitwa Strip the Willow. Safu mbili zinatazamana, na wawili wa mwanzo wanashuka safu nzima wakizungushwa: mkono wa kulia kwa mwenzako, wa kushoto kwa wa safuni, kulia tena kwa mwenzako, hadi chini. Ukifika mwisho kichwa kinawanga na mtandio hujui uko wapi. Ipo nyingine, Dashing White Sergeant, na hiyo ndiyo niliyoipenda kwa sababu haichezwi wawili wawili. Ni watatu kwa watatu, mnafanya mduara wa sita, kisha kila kundi linasonga mbele kukutana na jingine, hivyo kabla muziki haujaisha umeshaonana uso kwa uso na nusu ya ukumbi. Nilicheza na wenzangu wawili wa kazini, wanawake tu. Na kwa wale ambao vidole vishaanza kuwawasha: nilivaa glavu za sufu. Ilikuwa Januari. Hakuna aliyeniuliza.

Sasa, Khali, wapi nimesema wanatushinda? Mji huu ulijengwa mwaka 1788 kwa ajili ya uvuvi wa heringi. Msikiti wetu wa Pwani pale karibu na Ngome unatajwa kuwa wa 1370. Wakazi wa hapa wote ni kama 1,500, na wakija wote ukumbini bado hawaifikii zefe yetu moja, maandamano yetu ya Maulidi. Mimi nimekulia Langoni, jirani na msikiti wa Riyadha. Najua Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukielekea mwisho boti zinavyomwaga watu gatini, wa Faza, wa Siyu, wa Kizingitini, wa Malindi, wa Mombasa, na kila nyumba inatandika mikeka mpaka ukumbini. Najua twari (matari) zinavyosikika kutoka msikitini ukiwa jikoni unachambua mchele. Najua wanaume wakisimama goma, kanzu nyeupe safu mbili, bakora zinainuka na kushuka pamoja, polepole, bila mtu kuhesabu. Hapa kuna kiingilio, na keki unanunua. Nilipowaeleza wenzangu kazini kwamba kwetu wageni hulishwa pilau siku zote za Maulidi, swali lao la kwanza lilikuwa "Nani analipa?" Nikawaambia mji. Wakadhani nina maana ya serikali ya kaunti. Nilicheka peke yangu.

Hata usiku wao wa hadithi uliniacha na njaa. Mama mmoja alisimulia vizuri sana habari za mwanamke sili, yule mnyama wa baharini, aliyefichiwa ngozi yake na mvuvi akalazimika kukaa nchi kavu na kumzalia watoto. Hadithi tamu, na majini wa Pate wangeielewa. Lakini watu walikaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, mikono mapajani, kisha makofi. Hakuna paukwa, hakuna pakawa. Kwetu msimuliaji asipoitikiwa haendelei, anakunywa maji anakutazama. Pale nilijisikia nimetoka katika watu.

Kisha mwisho wa usiku huo mtu wa maikrofoni akanigeukia. Akasema nimeambiwa wewe unatoka kisiwa chenye ngoma nyingi, mwezi ujao utufundishe moja, hata hatua nne. Akaniandika kwenye daftari kwa kalamu.

Hapo ndipo nilipokwama, Khali, na ndipo penye ugomvi wangu na wewe na wengine wote.

Mjukuu wa wapiga vugo hajui kupiga vugo. Najua viitikio, na hivyo ni nusunusu. Pembe yenyewe niliishika mara moja, kwenye harusi mtaani kwetu, sijamaliza hata shule ya msingi. Ilikuwa nyeusi, laini upande wa vidole kwa kushikwashikwa, nzito kuliko nilivyodhani, na kijiti chake kilikuwa kimefungwa uzi mwekundu. Nikagonga nyuma ya mapigo. Bibi aliyekuwa kando yangu hakusema nami. Alimwambia mwenzake tu, "Hayui huyu," akaichukua pembe mkononi mwangu, na wimbo ukaendelea. Ndiyo elimu yote niliyopata. Kwetu ngoma haifundishwi. Unatazama, na siku ukithubutu kuingia uwe umeshajua. Ukikosea utachekwa mpaka uolewe, na siku ya harusi yako wakumbushane.

Wapo watakaosema: hiyo ndiyo njia yetu, tumejifunza hivyo hivyo vizazi na vizazi. Sawa. Ilikuwa sawa wakati harusi ilikuwa wiki nzima na wasichana wote wako ndani ya kiwanda kimoja, yaani ua wa nyumba, wanasikia vugo mpaka usingizini. Leo harusi ni siku mbili, spika imeajiriwa, na kijana wa muziki ana simu. Unatazama nini ujifunze? Wanaojua wanazidi kuzeeka. Vitu vinavyobaki kufundishwa kwa makusudi ni vya kushindania kikombe: shule zinaandaa ngoma kwa ajili ya tamasha la muziki, watoto wanafungwa leso kiunoni, wanapewa namba, wanarudi na cheti, na leso zinarudi kabatini kwa mwalimu. Au ni vya mheshimiwa. Mheshimiwa akija, kina mama watapatikana tu, watavuka hadi Mokowe, upande wa bara, alfajiri wakiwa na fulana mpya, watamngoja gatini mpaka adhuhuri, watapiga vugo kwa dakika chache, kisha hotuba saa nzima. Na hoteli Shela watataka goma wakati wageni wanakula. Sijui ni lini tulikubaliana kwamba ngoma zetu ni za kutazamwa na wengine.

Naambiwa: wazungu wanafundishana kwa sababu walishazipoteza zao, sisi hatujazipoteza. Kweli nusu. Kigaeli kilikuwa lugha ya sehemu kubwa ya huku milimani. Sheria ya elimu ya 1872 ikaanzisha shule zisizokitambua, na watoto wakapigwa kwa kukizungumza. Sensa ya 2011 ilihesabu wasemaji kama 57,000 tu Uskochi nzima. Yupo bibi mmoja ninayemhudumia ambaye anaomba kwa Kigaeli na kugombana kwa Kiingereza. Wanawe hawana Kigaeli. Basi mwaka 1981, kisiwani Barra, watu wakachoka kulalamika, wakawakusanya watoto siku kadhaa wakawafundisha fidla, nyimbo na dansi, kila mtoto ala yake na mwalimu wake. Wakaiita fèis. Visiwa na miji mingine ikaiga. Mwaka 1986 ikafika hapa hapa Ullapool. Leo baadhi ya watoto wale ndio wanaoshika akodiani jukwaani. Na shuleni keli hufundishwa kwenye kipindi cha michezo kabla ya Krismasi. Bibi yangu yule wa kazini ananiambia aliichukia, kwa sababu wavulana walikuwa na viganja vya jasho. Lakini mguu wake, chini ya blanketi, bado unajua zamu.

Sasa wewe unayesema hatujapoteza, unataka tungoje mpaka tubaki 57,000?

Mwingine ataleta dini, na huyo namheshimu zaidi. Atasema dada unatuletea mambo ya wanaume na wanawake kuzungushana ukumbini. Sijayaleta, yabaki huku na glavu zangu. Vugo ni la wanawake, lelemama ni la wanawake, goma ni la wanaume, kila kitu kiko mahali pake tangu jadi. Ninachotamani ni yule mtu wa maikrofoni peke yake. Mtu wa kusema: simameni, kijiti hivi, mguu huu kwanza, tena.

Na yupo mwingine, hasemi waziwazi, anayeona ngoma zina wenyewe. Huyu ananichosha kuliko wote. Hasemi "usije", anakutazama tu mpaka uulize mwenyewe umefuata nini. Tumesahau Habib Swaleh, mwanzilishi wa Riyadha, alivyoanza? Mtu aliyetoka Ngazija, visiwa vya Komoro, akawafundisha dini watu ambao waungwana wa wakati huo hawakutaka kukaa nao mkeka mmoja, akaingiza twari katika Maulidi, na akalaumiwa kwa yote mawili. Leo wajukuu wa waliomlaumu ndio wa kwanza kwenye zefe. Maulidi ambayo tunajivunia dunia nzima ni makubwa kwa sababu mtu mmoja alimfungulia mlango asiyejua. Tumechukua twari tukauacha mlango.

Msinitajie kafyu pia. Naijua. Mwaka 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni nilikuwa nyumbani, magharibi ikiingia komeo zinashushwa, na mji uliozoea kukaa barazani mpaka usiku ukawa kama haukuwa na watu. Iliua mengi. Lakini tulikuwa ndani, Khali, usiku baada ya usiku, nyanya, mama, mashangazi, wasichana wote nyumba moja, na tuliangalia tamthilia za Kifilipino. Hakuna askari aliyekuwa akisikiliza kama tunagonga pembe ukumbini kwetu.

UNESCO imeuandika mji wetu wa kale kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, ndiyo, na tangu hapo huwezi kubadilisha mlango bila kuulizwa. Kuta za matumbawe zina walinzi. Pembe ya vugo ikipasuka nani anajua?

"Basi rudi uanzishe wewe." Nilijua itakuja, na imeshakuja, kwa herufi kubwa, kutoka kwa binamu ambaye karo ya mwanawe ninailipa kwa zamu za usiku. Siwezi kurudi mwaka huu na mnajua kwa nini. Lakini nimezungumza na dada yangu wa kwa ami, ambaye ana kiwanda kikubwa na mdomo mkubwa zaidi, na amekubali kukitoa Jumatano baada ya alasiri, wasichana peke yao, simu zinaachwa dakani, pale mlangoni. Tumepata bibi mmoja wa Mkomani aliyekubali kuja mradi asipigwe picha. Pembe tunazo mbili, nyingine tutaanza na za ng'ombe. Kilichobaki ni ugomvi wa chai: dada anasema watu ishirini ni maziwa mengi. Maziwa na sukari nitatuma mimi kwa simu kila Jumanne. Mahamri wakaange wenyewe. Na Khali, kwa kuwa binti zako wote watatu wako likizo, usinijibu kwa sauti, waandikishe.