Dereva anayesinzia alilala, ila hakupumzika

Utingo anayelala kebini na dereva wake kwenye foleni ya malori Barabara ya Mandela anajua jambo ambalo bosi halijui. Anamsikia mwenzake akikoroma, kisha kimya, kisha anashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyeibuka majini. Kesho yake dereva huyo akisinzia kwenye usukani, anaandikiwa barua ya onyo: mzembe, alikuwa baa.

Hakuwa baa. Kwa mwenye apnea ya usingizi, nyama laini za koo hulegea na kuziba njia ya hewa kwa sekunde 10 au zaidi, mpaka ubongo umgutushe apumue. Hali ikiwa kali, hilo hutokea mara 30 au zaidi kwa saa, na asubuhi hakumbuki lolote.

Waajiri wana hoja. Kipimo cha usingizi na mashine ya kusukuma hewa puani ni gharama, na wapo watakaogeuza ugonjwa kuwa kisingizio. Gari likipinduka kwenye mteremko wa Kitonga, mwenye gari ndiye wa kujibu. Basi si rahisi zaidi kumwachisha kazi?

Hapo ndipo naona tunakosea. Utafiti wa madereva wa malori Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta waliopewa mashine hiyo wakaacha kuitumia walipata ajali kubwa zinazoepukika mara tano ya wenzao wasio na ugonjwa. Waliotumia mashine walilingana na hao wenzao. Takwimu hii hainitoki kichwani. Hatari haiko kwa mgonjwa, iko kwa mgonjwa asiyetibiwa. Ukimfukuza, anahamia kampuni nyingine na leseni yake mfukoni na koo lilelile, ila sasa amejifunza kuficha. Barabara ni ileile, na tangu 2023 mabasi yamerudi kusafiri usiku.

Hofu ya kupoteza kazi nayo si ya kubeza: ndiyo inayomfanya dereva afiche. Wala kulazimisha vipimo si jambo rahisi. Marekani kwenyewe, mpango wa kulazimisha vipimo kwa madereva wa malori na treni ulifutwa Agosti 2017, hata mwaka haujaisha tangu treni igonge kituo cha Hoboken na kuua mtu mmoja. Dereva wake alikuwa na apnea kali ambayo haikuwa imegunduliwa.

Wala si barabarani tu. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilikadiria kuwa apnea isiyogunduliwa iliigharimu nchi hiyo dola bilioni 149.6 mwaka 2015. Ajali za magari zilichukua bilioni 26.2, lakini bilioni 86.9 zilipotea kwa kazi kuzorota: karani wa Posta anayerudia hesabu ileile mara tatu, mlinzi anayeonekana yuko macho.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 tayari inadai wafanyakazi wapimwe afya. Maswali manane ya uchunguzi wa awali, kipimo cha presha na futikamba ya kupima unene wa shingo havimfilisi mwenye malori. Atakayeonekana na dalili apelekwe kwa daktari, akae pembeni bila kuendesha huku mshahara ukiendelea, arudi akishazoea mashine. Na kabla ya barua yoyote ya onyo kuandikwa, utingo aitwe ofisini aulizwe anasikia nini usiku.